Mama naye akae mezani: arikoveri za kuoka kwa sherehe za jamaa



Miezi ya sherehe inakaribia: komunyo za watoto, arusi, kuondoa matanga, halafu Bonane. Kila mmoja wetu anajua siku hizo zinavyokwenda. Wageni wanafika, wazee wanaketi, watoto wanajaa uani, na mama mwenye nyumba yuko nyuma, kati ya mbabula tatu, macho mekundu kwa moshi. Bugali ni wa kusongwa dakika ya mwisho. Sambaza ni za kukaangwa zikaliwe zingali moto. Mchuzi wa mbuzi unataka mtu wa kuuangalia. Anapopata nafasi ya kunawa uso na kuja kusalimu, wageni wa mbali wameanza kuaga, na sahani yake yeye ni ile ya kukwangua sufuria.

Sahani tunayowaletea juma hili haitamaliza shida hiyo yote, lakini itaondoa kazi moja kwenye saa ile ya mwisho. Ni maharage mabichi ya maganda, yale tunayoyaita arikoveri, yanayopikwa mapema, kuchanganywa na sosi, kisha kuokwa polepole wakati wageni wanaingia. Ukishaiweka motoni, haihitaji mtu wa kukoroga.

Ilikotoka

Sahani hii ilizaliwa mbali na kwetu. Mwaka 1955, katika mji wa Camden, jimbo la New Jersey, Marekani, mwanamke aitwaye Dorcas Reilly alikuwa akifanya kazi katika jiko la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell. Yeye na wenzake walitafuta pishi ambalo mama yeyote angeweza kulifanya kwa vitu viwili vilivyokuwa karibu katika kila nyumba ya Marekani siku zile: arikoveri na mkebe wa supu nzito ya uyoga. Wakaongeza maziwa, sosi ya soya kidogo, pilipili manga, na juu yake vitunguu vilivyokaangwa hadi vikauke. Vitu sita tu, nusu saa ndani ya tanuru, basi.

Wamarekani waliipenda hadi leo. Wengi wao wanaila Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11, jamaa zote zinapokutana. Dada zetu waliohamia kule kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, Uganda na Burundi huikuta kwenye meza za majirani na za shule za watoto wao. Dorcas Reilly aliaga dunia mwaka 2018 akiwa na miaka 92. Kadi ya pishi lake aliitoa mwaka 2002 kwa jumba la wavumbuzi la taifa, katika jimbo la Ohio.

Tunaisimulia habari hiyo kwa sababu moja. Mama huyo hakuanza kwa kuuliza kitu gani kinapendeza dukani; aliuliza kitu gani kimo tayari nyumbani. Kwa hiyo sisi tukikimbilia duka la vyakula vya ng'ambo kununua mkebe wa supu ya uyoga kwa bei kubwa, tutakuwa tumeipata sahani yake na kuipoteza akili yake. Tuangalie kapu letu wenyewe.

Kapu letu

Katika masoko ya Bukavu na Goma, arikoveri huuzwa kwa mafungu. Chagua zile nyembamba, za kijani kibichi, zinazovunjika kwa sauti ukizikunja. Zile zinazopinda bila kuvunjika zimekaa siku nyingi. Zile ambazo punje zake zimevimba zimekomaa. Zitakuwa na nyuzi na watoto watazitema.

Mwenye shamba aangalie jambo moja. Maharage ya kukausha na arikoveri ni jamii moja ya mmea, lakini ganda ulilolichuma likiwa bichi halitakupa maharage makavu tena. Kwa hiyo usivune akiba ya chakula cha mwaka kwa ajili ya siku moja ya sherehe. Afadhali kupanda mstari mdogo wa mbegu ya arikoveri penyewe. Huanza kuchumwa baada ya karibu miezi miwili, na kadiri unavyochuma kila siku mbili au tatu, ndivyo mmea unavyozidi kuzaa.

Uyoga ununue kwa mtu unayemjua, au utumie ule unaopandwa. Uyoga wa porini usioujua vizuri usiingie katika chungu cha wageni hata mara moja, maana kuna aina zinazoua, na kuchemsha hakuondoi sumu yake. Usipopata uyoga wa kuaminika, uache, sahani haitaharibika.

Mahitaji kwa watu ishirini

- Arikoveri kilo 3
- Vitunguu kilo 1
- Uyoga nusu kilo, ukipatikana
- Maziwa litre moja na nusu, yaliyochemshwa
- Unga wa ngano gramu 150, na vijiko vitatu vya kuzungushia vitunguu
- Majarini gramu 150, au mafuta ya kupikia kiasi hicho
- Mafuta ya kukaangia vitunguu
- Vitunguu saumu punje 5, fungu la seleri, pilipili manga, chumvi
- Jibini la Masisi gramu 300, kwa mwenye uwezo

Mahali ambapo maziwa ni ghali, karanga zinafanya kazi nzuri sana. Chukua nusu kilo ya karanga zilizokaangwa na kusagwa, zikoroge na litre moja na nusu ya maji ya moto, kisha uzipike polepole hadi mafuta yaanze kuonekana juu. Hapo hutahitaji unga wala majarini ya sosi. Karanga zenye ukungu au ladha chungu zitupwe. Zina sumu inayodhuru ini.

Namna ya kutengeneza

Kwanza, osha arikoveri, kata ncha zote mbili, ondoa uzi ukiwapo, kisha kata vipande vya urefu wa kidole. Vitie katika maji mengi yanayotokota yenye chumvi. Hesabu dakika 10 kuanzia maji yanapotokota tena. Chuja, na uweke pembeni vikombe viwili vya maji hayo.

Pili, gawa vitunguu sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ikate ndogo, ikaange kwa majarini pamoja na vitunguu saumu. Tia uyoga uliokatwa, koroga hadi maji yake yakauke. Nyunyiza gramu 150 za unga, koroga dakika mbili ili unga usibaki na ladha ya ubichi. Mimina maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga bila kupumzika, kisha yale maji ya arikoveri. Acha kwenye moto mdogo dakika kumi hivi, hadi sosi ishike mgongo wa kijiko. Tia chumvi, pilipili manga na seleri.

Tatu, sehemu ya pili ya vitunguu ikate pete nyembamba sana. Izungushe katika ule unga wa vijiko vitatu wenye chumvi, ikaange katika mafuta ya moto kidogo kidogo hadi iwe rangi ya kahawia, kisha itoe na kuiacha ikauke juu ya karatasi safi. Usiifunike, mvuke utailainisha.

Nne, changanya arikoveri na sosi, tandaza katika sufuria mbili pana, kimo kisizidi vidole vinne. Ukiijaza sufuria moja kwa kina, juu patakauka na katikati patabaki baridi. Nyunyiza jibini lililokwanguliwa ukipenda.

Tano, oka. Mwenye tanuru la umeme aweke moto wa digrii 180 kwa dakika 25 hadi 30. Sosi ikianza kutoa mapovu pembeni na katikati, mwaga vitunguu vya kukaanga juu, rudisha dakika tano, toa.

Bila tanuru

Wengi wetu hatuna tanuru, na hiyo si sababu ya kuacha. Wale wanaooka keki za kuuza mtaani wanaijua njia hii tayari. Weka sufuria kubwa juu ya mbabula yenye makala kidogo, tandaza ndani yake mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, acha upate moto robo saa. Weka juu ya mchanga ile sufuria yenye arikoveri, funika sufuria kubwa kwa kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko tia makala yanayowaka. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana hayo ndiyo yanayopaka rangi. Dakika 35 hadi 40 zinatosha. Fungua kwa uangalifu ili majivu yasianguke ndani, na watoto wadogo wakae mbali.

Njia nyingine ni tanuru la mikate la kartie. Mikate ya asubuhi ikishatoka, tanuru hubaki na moto kwa muda mrefu. Kikundi kikikubaliana na mwoka mikate, sufuria kumi za nyumba kadhaa zinaweza kuingia pamoja, na hakuna anayeongeza hata gunia moja la makala.

Na tukitaja makala, kumbukeni kwamba maharage makavu hukaa motoni saa mbili au tatu, wakati arikoveri zinachemka kwa dakika kumi tu. Ukijumlisha kuoka, bado moto wake ni mdogo.

Mambo matatu ya kuangalia

Arikoveri mbichi zisiliwe wala zisichemshwe nusu. Ndani yake mna kitu kinachosababisha kutapika na kuhara, nacho huisha kwa kuchemka barabara. Kuoka peke yake kwa moto mdogo hakutoshi. Ndiyo maana tumesisitiza zile dakika kumi.

Chakula chenye maziwa kisikae nje zaidi ya saa mbili bila moto wala friji. Mwenye friji anaweza kuchanganya kila kitu jana yake na kuoka kesho. Asiye na friji afanye hivi: jioni akate ncha za arikoveri na kuzifunga mbichi ndani ya kitambaa chenye unyevu, asage karanga, atayarishe vyombo. Asubuhi achemshe na kupika sosi saa ile ile itakayofuatwa na kuoka.

Tena, tusidanganyane: hii ni mboga, si badala ya nyama wala ya maharage makavu. Arikoveri zina vitamini na nyuzi zinazosaidia tumbo, lakini nguvu ya kujenga mwili iliyomo ni ndogo sana ukilinganisha na maharage makavu. Mtoto asijazwe arikoveri akanyimwa samaki au yai. Kazi yake mezani ni kusimama kando ya mbuzi, viazi au wali, mahali ambapo katika sherehe nyingi hapana mboga kabisa.

Hesabu ya sherehe na nafasi ya mama

Katika vikundi vya likelemba na AVEC tunayaona mara kwa mara: mama anachukua mkopo wa komunyo, anaumaliza kwa nyama na vinywaji vya siku moja, kisha miezi mitatu analipa kwa pesa za masomo. Sahani ya mboga inayoonekana vizuri, yenye sosi na rangi ya kahawia juu, inajaza meza kwa heshima na kumruhusu mama apunguze kilo mbili za nyama bila mgeni kulalamika. Akiba hiyo si ya kudharau.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi katika daftari. Binti anayemwona mama yake akila wa mwisho kila sherehe anajifunza kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Mvulana naye anajifunza hivyo hivyo. Chakula kinachotayarishwa mapema kinafungua mlango, ila hakimwingizi mama ndani. Lazima tupange. Kabla ya sherehe, andikeni nani anakata vitunguu jioni, nani anaangalia makala, nani anasonga bugali, nani anapakua. Wavulana wanaweza kukata ncha za arikoveri kama wasichana. Kazi hiyo haihitaji ufundi, inahitaji vidole. Baba anaweza kuwasha mbabula. Na kiti cha mama kiwekwe mezani tangu mwanzo, kabla wageni hawajafika, ili kila mtu akione.

Tunapendekeza kila kikundi kiijaribu sahani hii katika mkutano mmoja wa mwezi huu kwa nusu ya vipimo: kilo moja na nusu ya arikoveri kwa watu kumi. Kundi moja lipike kwa maziwa, lingine kwa karanga, muonje pamoja na mpige hesabu ya gharama na makala yaliyotumika. Leteni majibu yenu kwa mwandishi wa kikundi, nasi tutayachapisha ili wamama wa mitaa mingine wachague inayowafaa kabla ya Bonane.

Mpike salama, na mle pamoja.