Msaidizi wa mtandaoni: Kazi ambapo mchagua jembe ndiye mkulima

KATIKA karibu kila kamati ya harusi jijini Dar es Salaam huwapo mtu mmoja ambaye, bila kushurutishwa, hushika daftari la ahadi za michango, huwakumbusha wadaiwa kwa lugha ya upole na kufika kikaoni akiwa na hesabu iliyokwishajumlishwa.

Wenzake humshukuru, harusi hupita, naye hurudi kutafuta ajira akidhani hana ujuzi wa kuuza.

Ukweli ni kwamba kufuatilia malipo na kutunza kumbukumbu ni miongoni mwa shughuli ambazo wafanyabiashara wa ndani na nje ya nchi huwalipa watu wazifanye wakiwa majumbani kwao. Anayezifanya huitwa msaidizi wa mtandaoni. Ni mithili ya katibu muhtasi asiyekaa nje ya mlango wa bosi, bali hupokea maagizo na kurudisha kazi kwa njia ya intaneti. Tofauti kubwa ni kwamba yeye hajaajiriwa. Ana biashara yake na wateja wake.

Kwa Afrika Mashariki, mlango wa kazi hii ulifunguka zaidi mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa, ukifuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya nje yalitegemea zaidi setilaiti, zilizokuwa ghali na zenye kasi ndogo.

Kosa la wanaoanza

Wengi wanaoingia katika biashara hii hujitangaza kwa maneno yale yale: "Ninafanya kazi zote za ofisi." Hufuata ushauri wa wahenga kwamba mchagua jembe si mkulima.

Hata hivyo, katika kazi hii methali hiyo hupotosha. Mwenye duka anayesumbuliwa na madeni hatafuti mtu wa kazi zote; anatafuta mtu wa madeni. Anayefanya kila kitu hushindana na maelfu ya watu kwa bei peke yake, na mshindi wa shindano hilo ni yule aliyekubali ujira mdogo zaidi.

Aidha, msaidizi wa mtandaoni hana msimamizi wa kumsukuma. Kazi anayoichukia ataiahirisha hadi usiku, ataifanya kwa haraka, na mteja atagundua. Kwa sababu hiyo, kuipenda kazi si anasa, bali ni sehemu ya mtaji.

Kupima unachokipenda

Njia rahisi ni kuchukua karatasi na kuorodhesha kazi zote zilizofanywa katika mwezi mmoja, ziwe za ofisini, za kikundi cha kuweka na kukopa au za kamati ya harusi. Kila moja iulizwe maswali matatu: Je, niliifanya bila kusukumwa? Je, watu waliridhika nayo? Je, yupo mwenye biashara anayeweza kuilipia?

Swali la tatu ndilo gumu. Mtu anaweza kupenda kupamba kadi, lakini asipate mteja wa kila mwezi. Kinyume chake, kupanga miadi ya zahanati, kuandaa ankara, kuhariri kumbukumbu za vikao, kupanga safari na kujibu maswali ya wateja ni kazi zinazojirudia, na kazi inayojirudia ndiyo huleta kipato cha uhakika.

Ikumbukwe pia kwamba programu za akili mnemba sasa hunakili mazungumzo na kuandika barua za kawaida kwa dakika chache. Anayetegemea kuchapa maneno pekee yuko hatarini. Anayejua namna ya kumkumbusha mdaiwa bila kumuudhi bado ana nafasi yake.

Saa na bei

Kupenda kazi hakutoshi endapo saa zake hazilingani na maisha ya nyumbani. Ofisi ya London ikifunguliwa saa 3:00 asubuhi kwa saa za huko, Dar es Salaam na Nairobi huwa ni saa 6:00 mchana wakati wa baridi ya Ulaya, au saa 5:00 asubuhi wakati wa kiangazi. Ya New York ikifunguliwa saa hiyo hiyo ya huko, hapa huwa ni saa 11:00 jioni wakati wa baridi, na saa 10:00 jioni wakati wa kiangazi. Mzazi mwenye watoto wadogo atafikiri mara mbili kabla ya kuahidi kupokea simu za New York.

Kuhusu bei, hesabu ianzie kwenye mahitaji. Tuseme mtu anataka kubaki na Sh800,000 kwa mwezi, gharama za intaneti na umeme ni Sh100,000, na tovuti inayomuunganisha na wateja hukata asilimia 10. Atalazimika kutoza Sh1,000,000. Ikiwa saa anazoweza kulipwa ni 80 kwa mwezi, kwa kuwa nyingine huishia katika kutafuta wateja na kuandika ankara, basi kila saa ni Sh12,500. Akikubali nusu ya bei hiyo, atafanya kazi mwezi mzima na bado alipe kodi ya nyumba kwa mkopo.

Tahadhari

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: kazi ipi, saa ngapi, malipo lini. Taarifa za wateja zitunzwe kwa siri, kwani Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa Tanzania, jina la biashara husajiliwa BRELA na namba ya mlipa kodi hutolewa na TRA.

Zaidi ya yote, anayedai ada ya usajili au ya mafunzo kabla ya kutoa kazi aepukwe. Mteja wa kweli hulipa, halipwi.

Mwenye ajira hana haja ya kuiacha leo. Anaweza kuanza na mteja mmoja wa mtaani, fundi nguo au mwenye duka la dawa, kwa saa chache za jioni. Baada ya miezi mitatu atajua kama daftari bado analifungua kwa hamu, na kama kuna anayelipia.