Nakala na Akiba: Maelezo Kuhusu Urejeshaji wa Hifadhidata

Katika Kiswahili, neno akiba halitumiki kwa kitu kilichowekwa tu, bali kwa kitu kilichowekwa ili kipatikane siku ya haja. Mahindi yaliyoliwa na fukusi ghalani si akiba tena, ijapokuwa magunia yangali yamepangwa vizuri. Maana hii yafaa ishikwe na kila anayetaka kuelewa utunzaji wa hifadhidata za kompyuta, kwani matatizo mengi ya kazi hiyo hutokana na kudhani ya kuwa kunakili na kuweka akiba ni jambo moja.

Mfano mzuri ni hifadhidata ya Oracle inayonakiliwa kwenye seva ya ghala ya IBM. Seva hiyo ilitolewa mwaka 1993 kwa jina la ADSM, ikaitwa Tivoli Storage Manager mwaka 1999, Spectrum Protect mwaka 2015, na baadaye Storage Protect. Majina yamebadilika lakini mpango umebaki ule ule, nao una wahusika watatu. Wa kwanza ni RMAN, programu ya Oracle inayojua ni faili zipi zinakiliwe na kwa utaratibu gani. Wa pili ni seva ya ghala, ambayo haijui lolote kuhusu hifadhidata. Hupokea vifurushi, ikaviweka katika diski au tepu, na kuandika daftarini mwake ni vya nani na viko wapi. Kwa kuwa wawili hawa hawasemi lugha moja, baina yao huwekwa wa tatu, mkalimani, yaani programu ndogo ambayo mafundi huiita maktaba. (Jina hili hupotosha, maana humo hamna kitabu wala msomaji.)

Kazi inaposhindikana, mtunza hifadhidata humlaumu mtunza ghala, naye mtunza ghala humrudishia lawama. Hapana budi kwanza kujua ni nani kati ya wale watatu aliyekwama. Ujumbe wa ORA-27211 maana yake ni kwamba Oracle imeshindwa kumpata mkalimani. Seva haijafikiwa hata kidogo, na kumwamsha mtunza ghala usiku hakufai kitu. Aghalabu njia ya kuifikia maktaba imeandikwa vibaya, au ruhusa ya kuisoma haipo, au maktaba ya biti 32 imepewa Oracle ya biti 64. Ujumbe wa ORA-19511 ni kinyume chake: mkalimani yupo, na maneno yanayoufuata ni malalamiko yake mwenyewe. Hapo ndipo ichunguzwe nywila iliyokwisha muda wake, jina ambalo mteja amesajiliwa nalo kwenye seva, mtandao, na nafasi ghalani. Iko pia programu iitwayo sbttest, inayompa mkalimani faili ndogo aipeleke na kuirudisha bila ya kuigusa hifadhidata. Ikifaulu, kosa litafutwe upande wa RMAN.

Jambo linalosumbua zaidi, kwa kuwa halina kelele, ni ufutaji. Faili za kawaida zikipelekwa tena kwa jina lile lile, seva huzitambua za zamani na kuziondoa kwa kanuni zake. Vifurushi vya RMAN havina zamani wala mpya machoni pa seva, kwa sababu kila kimoja hupewa jina la pekee. Basi havifutwi mpaka RMAN yenyewe iagize, na agizo hilo halitekelezwi iwapo mteja alisajiliwa bila ya ruhusa ya kufuta nakala. Tena RMAN isiyo na katalogi ya pekee huandika kumbukumbu zake katika faili ya udhibiti, ambamo, pasipo agizo jingine, zaweza kufutwa baada ya siku 7. Kumbukumbu ikipotea, kifurushi hubaki yatima, na ghala hujaa. Programu ya tdposync hulinganisha madaftari mawili na kuwaonyesha yatima hao. Lakini ikipewa katalogi moja ilhali hifadhidata mbili zinatumia jina moja la usajili, nakala halali za ile ya pili nazo zitahesabiwa kuwa yatima.

Hatari ya kutojaribu urejeshaji ilionekana GitLab tarehe 31 Januari 2017. Fundi aliyekusudia kufuta data kwenye seva ya akiba aliifuta kwenye seva kuu; katika gigabaiti 300 hivi zikasalia 4.5. Nakala za kila siku zilipotafutwa, hazikuwapo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2, na hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6. Barua za kuonya zilikuwa zikitumwa na kukataliwa zilikokwenda. Kilichookoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Hata hivyo miradi ipatayo 5,000 na watumiaji wapya wapatao 700 walipotea.

RMAN yaweza kuamriwa isome nakala yote bila ya kuandika chochote, nalo ni jaribio jema, ila halitoshi; halionyeshi kama mashine nyingine itaweza kuifufua hifadhidata. Mashine hiyo lazima ijitambulishe kwa seva kwa jina lile lile la mashine iliyopotea, na mwenye kuifanya kazi ajue nambari ya utambulisho ya hifadhidata, ambayo RMAN huidai iwapo faili ya udhibiti na katalogi zimepotea pamoja. Nambari hiyo yafaa iandikwe katika karatasi, nayo karatasi iwekwe jengo jingine.