Usonji: Ndugu wawili, mahitaji mawili

KATIKA mitaa ya Umoja na Kayole, Nairobi, familia nyingi huishi katika chumba kimoja, muziki wa matatu ukipenya dirishani. Mzazi mwenye watoto wawili walio na usonji hukumbwa na mtihani mgumu: mmoja huziba masikio na kulia kwa sababu ya kelele, ilhali nduguye hugonga sufuria akiitafuta kelele hiyo hiyo.

Huo si utundu wala malezi mabaya. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2013 unataja, miongoni mwa dalili za usonji, kuhisi sauti, mwanga au mguso kupita kiasi, au kwa uchache mno. Kwa hivyo, kumchapa mmoja ili mwenzake atulie ni kuwaumiza wote wawili.

Chumba kisipogawika, wakati hugawika. Anayependa sauti apelekwe uani na mtu mzima, aruke na kugonga debe. Mwenzake apumzike nyuma ya pazia, masikio yakiwa yamefunikwa. Mzazi aandike pia kinachotangulia kila kilio. Daftari hilo litamsaidia tabibu au mwalimu kumwelewa kila mtoto kivyake.