Uaminifu wa Darasani na wa Kazini

Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 nchini Kenya walipata A katika mtihani wa KCSE. Mwaka 2016 Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, alikaza ulinzi wa mitihani. Waliopata A walikuwa 141 tu. Je, watoto waligeuka wajinga kwa mwaka mmoja? La! Nafasi ya kuiba ilikuwa imebanwa.

Wataalamu wa tabia wametambua kwamba anayedanganya shuleni ana mwelekeo wa kudanganya hata kazini. Mwenye bidii na utaratibu, tena mnyofu asiyejiona bora kuliko wenzake, hudanganya kwa nadra. Basi mwanafunzi aliyezoea kuiba majibu, akiwa karani wa kituo cha majani chai, ataisomaje mizani ya mkulima?

Lakini tabia si pingu. Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi wa Kisii, mzazi wa Nyamira, usimtafutie mtoto karatasi ya wizi. Msifu kwa D aliyoitolea jasho, naye kesho hatampunja jirani kilo yake.