Je, Wajua? Serikali Inapobana Matumizi, Nani Hulipa

Je, wajua kwamba siku ya mwaka mpya 1980, Mwalimu Nyerere aliwauliza mabalozi waliokusanyika Dar es Salaam ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilipogeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima? Alikuwa akikataa masharti ya mkopo: shilingi ishushwe thamani, ruzuku ziondolewe, mishahara na matumizi ya serikali vibanwe. Lakini hazina ilikuwa imekauka. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na madeni vilikuwa vimeimaliza. Agosti 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, makubaliano yakafikiwa.

Wajua kwamba maumivu yalianza kabla ya makubaliano hayo? Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri Cleopa Msuya, iliondoa ruzuku ya sembe, na bei ya unga ikapanda zaidi ya mara mbili. Karibu na wakati huohuo kodi ya maendeleo ilirudi, na wazazi wakaanza tena kudaiwa michango ya shule ya msingi, ingawa ada ilikuwa imefutwa mwaka 1973. Unga, kodi na shule: vyote vilibisha hodi kwenye nyumba moja, tena kwa mtu ambaye mshahara wake ulikuwa tayari umeliwa na mfumuko wa bei.

Umeliwa kiasi gani? Kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980, mshahara wa mfanyakazi wa Tanzania ulipoteza zaidi ya theluthi mbili ya uwezo wake wa kununua. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi kama 17. Mwaka 1988 ulipokwisha, ilikuwa imepita shilingi 100.

Hapo ndipo kila mtumishi wa serikali alipotafuta mradi. Karani alifuga kuku wa kisasa, daktari akaweka ng'ombe wa maziwa uani, mwalimu akauza barafu na maandazi wakati wa mapumziko. Na wajua nani hasa alishika miradi hiyo? Wanawake. Mama aliyekuwa akiamka saa kumi na mbili sasa aliamka saa tisa za usiku kukaanga vitumbua, na mtoto wa kike akabeba sinia kabla ya kubeba daftari. Tuisheni nayo ikashamiri: mwalimu yuleyule, somo lilelile, lakini baada ya kengele lilikuwa na bei. Mimi naiita hiyo ada, hata kama haikuandikwa katika waraka wowote wa wizara.

Je, wajua kilichotokea Nairobi serikali ya Kenya ilipoanza kuwatoza wagonjwa wa nje Desemba 1989? Watafiti walihesabu watu waliofika kwenye kliniki moja ya rufaa ya magonjwa ya zinaa. Katika miezi tisa ya ada, idadi ya wanaume ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Ada ilipositishwa mwaka 1990, wanawake walirudi kwa wingi kuliko hata mwanzo. Wanaume walirudi polepole, hadi asilimia 64 tu.

Tafakari tarakimu hizo. Kaswende na kisonono haviponi kwa sababu mgonjwa hana nauli wala ada. Humfuata mke nyumbani na kumfikia mtoto tumboni, na vidonda vyake huvirahisishia njia virusi vya UKIMWI, ambavyo miaka hiyohiyo vilikuwa vikienea mjini. Hazina ilitafuta senti mlangoni pa kliniki. Gharama ya wale ambao hawakuingia haikuandikwa kwenye daftari lolote la bajeti.

Tanzania ilifuata mwaka 1993 kwa uchangiaji wa huduma za afya, ukianzia hospitali kubwa. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa kulipa, kwa maandishi. Lakini ni familia ngapi hazikuambiwa zije na glavu, wembe na pamba siku ya kujifungua? Msamaha haukuwa na maana mahali ambapo kabati la dawa lilikuwa tupu.

Kwingine watu waliingia barabarani. Zambia, Desemba 1986: ruzuku ya unga iliondolewa, ghasia zikazuka miji ya Copperbelt, watu kama 15 wakafa, na Rais Kaunda akairudisha. Juni 1990 unga ukapanda tena, damu ikamwagika tena. Mwaka uliofuata Kaunda alishindwa uchaguzi.

Wajua kwamba mwaka 1987, mapema kabisa, UNICEF ilichapisha utafiti mkubwa ukidai marekebisho ya uchumi yenye sura ya kibinadamu, kwa sababu watoto ndio waliokuwa wakiumia? Na wajua kwamba Januari 2013 wachumi wa IMF yenyewe, Olivier Blanchard na Daniel Leigh, walionyesha kuwa makadirio ya ukuaji yaliyaona madhara ya kubana matumizi barani Ulaya kuwa madogo mno kuliko yalivyokuwa? Mwaka huohuo, Ugiriki ilikuwa na zaidi ya robo ya nguvukazi yake bila ajira.

Ukitaka kujua ni watoto wangapi walizuiwa na ada za shule, tazama siku zilipofutwa. Uganda 1997: wanafunzi wa msingi walitoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Tanzania ilifuta tena mwaka 2001, na madarasa yakafurika. Kenya ilifuata Januari 2003, na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka mwaka uleule. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza Eldoret akiwa na sare na soksi. Huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako wazazi walikuwa wamewalipa walimu wa serikali kutoka mifukoni mwao kwa zaidi ya miaka 25, elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Watoto hao wote walikuwepo siku zote. Walikuwa shambani, sokoni, jikoni kwa watu.

Na si habari za kale. Muswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa, lakini vijana walikuwa wamekwisha kuusoma muswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, na kuutafsiria umma. Juni 25 waliingia bungeni, na wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini, kisha akatangaza kupunguza matumizi.

Bajeti zetu za Afrika Mashariki husomwa kila Juni. Safari hii usiishie kwenye bei ya soda na bia. Tafuta mafungu ya afya, elimu na maji, yalinganishe na ya mwaka jana, kisha muulize mbunge wako kilichopungua kitalipwa na nani.