Winga wa Kwenye Simu: Kamisheni ya Mtandaoni na Pesa Inakotoka

Wanachuo wenzangu, siku hizi ukifungua kundi lolote la WhatsApp la darasa huwezi kupita ujumbe kumi bila kukutana na linki. Moja ya viatu, moja ya kozi ya kujifunza mtandaoni, moja ya kampuni ya kubeti, na moja ya "fursa" ambayo hata haisemi inauza nini. Ukiwauliza waliozituma, wote watakujibu kitu kimoja: wanafanya afilieti. Neno limekuwa kama ndoo ya bwenini, kila mtu anachotea chake. Humo ndani kuna biashara halali kabisa, yenye faida kwa muuzaji na kwa anayemtafutia wateja, na kuna mambo ambayo yatakula bumu lako kabla hata hujalipa kodi ya geto. Kwa hiyo tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, halafu tuulize swali ambalo wengi hawaliulizi.

Ukitaka kuelewa haraka, nenda Kariakoo. Hujapiga hata hatua kumi kijana ameshakudaka: "Bosi, unatafuta nini? Njoo nikupeleke." Huyo ni winga. Hana duka, hana mzigo, halipi pango. Alicho nacho ni mdomo, miguu, na kujua duka lipi lina kitu gani. Anakupeleka, unanunua, naye anapata chake. Afilieti ni winga wa kwenye simu.

Tofauti kubwa iko kwenye malipo. Winga wa Kariakoo mara nyingi anakula cha juu: dukani begi ni elfu 25, yeye anakutajia 30, na hiyo elfu tano wewe mnunuzi ndiye umeitoa bila kujua. Kwenye afilieti ya kweli bei ya mnunuzi haipandi. Anayelipa ni muuzaji, anakata kwenye faida yake, tena kwa asilimia aliyoiandika mapema na kila mtu ameiona. Kwa maoni yangu hapo mtandao umemshinda winga kwa uwazi, ingawa winga anabaki kuwa mcheshi zaidi.

Sasa muuzaji anajuaje kwamba mteja kaletwa na wewe na si na jirani yako? Ukijiunga na mpango wa duka unapewa linki yenye alama yako, zile herufi na namba zinazoning'inia mwishoni mwa anwani. Mtu akiibonyeza, duka linaacha kumbukumbu ndogo kwenye kivinjari cha simu yake. Hiyo kumbukumbu inaitwa kidakuzi. Ni kama muhuri wa mlangoni kwenye shoo: ukishapigwa, hata ukizunguka ukarudi, mlinzi anajua ulipita mlango gani. Mteja akinunua, duka linasoma muhuri na kuandika kamisheni kwa jina lako.

Muhuri huo una muda wake, na hapa ndipo wengi hawasomi masharti. Kwenye mpango wa Amazon unadumu saa 24 tu. Mteja akibonyeza leo, akalala, akaja kununua keshokutwa, hupati kitu, isipokuwa kama aliweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya zile saa 24. Hapo muda unasogea hadi siku 90. Maduka mengine hutoa siku 30 au zaidi. Na kama mteja amebonyeza linki yako asubuhi na ya mwenzako jioni, kawaida analipwa aliyebonyezwa mwisho. Wewe umeeleza wiki nzima, umejibu maswali hadi bando likaisha, mwenzako karusha linki moja na kala. Ni uonevu, lakini ndiyo kanuni ya maduka mengi.

Halafu kamisheni haiji siku hiyohiyo. Muuzaji anasubiri muda wa kurudisha bidhaa upite. Mteja akirudisha kiatu kwa sababu kinabana, na kamisheni yako inarudi nacho.

Utaratibu huu si mgeni. Huko Marekani duka la muziki la CDNow lilianza kulipa waliolipelekea wateja mwaka 1994, na Amazon wakafungua mpango wao mwaka 1996, wakati wanauza vitabu. Fikra yao ilikuwa rahisi: mtu aliyeandika vizuri kuhusu kitabu fulani anajua wasomaji wake kuliko duka linavyowajua, basi acha yeye apendekeze, duka limlipe.

Sasa tuje kwa mwenye biashara, maana huku ndiko faida kubwa ilipo na ndiko kusikosemwa. Chukua mfano wa dada anayeuza mikoba Instagram akiwa chumbani kwake Sinza. Mkoba anauza 30,000. Kuununua na kuufikisha kumemgharimu 20,000. Faida ni 10,000. Akiamua kubusti tangazo la 20,000 kwa wiki, hela inatoka kwanza, wateja watajulikana baadaye. Akiuza mikoba miwili, faida yote imeliwa na tangazo. Asipouza, amepoteza elfu ishirini na amepata "likes".

Akiamua kutumia mawinga, anasema hivi: kila mkoba utakaouzwa kupitia kwako nakupa 3,000, na mteja wako nampunguzia 1,000. Anabaki na 6,000 kwa kila mkoba. Akiuza miwili, ana 12,000 mkononi. Asipouza hata mmoja, hajatoa senti. Kwa hesabu hizi, njia mbili zinalingana kwenye mkoba wa tano: kwa tangazo anabaki na 30,000, kwa kamisheni anabaki na 30,000. Kuanzia wa sita tangazo linampa zaidi. Kwa hiyo anayekwambia kamisheni ni bora siku zote hajashika kalamu. Ubora wake ni kwamba hatari imehama. Mtu mwenye mtaji wa laki moja hawezi kucheza na elfu ishirini ya majaribio kila wiki, ila anaweza kugawana faida ambayo tayari imeingia.

Kuna faida nyingine ambayo haiingii kwenye kikokotoo. Tangazo linamfikia mtu asiyemjua muuzaji, na sisi wote tunajua hofu ya kutuma hela kwa akaunti ambayo kesho haipo. Winga ni mtu unayekaa naye semina. Mkoba usipofika, unajua chumba chake. Uaminifu huo muuzaji mdogo hawezi kuununua kwa tangazo.

Wala hahitaji tovuti wala vidakuzi. Anampa kila winga msimbo wake wa punguzo (tusiuite kodi, TRA wasije wakatusikia), labda REHEMA1 au BARAKA2. Mteja mwenyewe atautaja kwa sababu anataka elfu yake ipungue. Muuzaji anaandika kwenye daftari, Ijumaa anajumlisha na kutuma kwa simu. Lile punguzo la elfu moja kazi yake si kuvutia mteja tu, linamlinda pia winga: muuzaji hawezi kusingizia kwamba mteja alijileta mwenyewe, kwa sababu mteja ameshataja msimbo ili apunguziwe.

Wizi upo hata upande wa mawinga. Kesi maarufu ni ya eBay. Mwaka 2014 mahakama ya Marekani ilimhukumu Shawn Hogan kifungo cha miezi mitano, na mwenzake Brian Dunning miezi kumi na mitano. Hao ndio waliokuwa wakiongoza kwa kulipwa kamisheni na eBay, jumla kama dola milioni 35 kwa miaka kadhaa. Walichofanya ni kupandikiza vidakuzi kwenye kompyuta za watu ambao hawajabonyeza linki yoyote. Mtu akienda eBay kwa hiari yake, muhuri wa akina Hogan uko tayari, kamisheni inaandikwa. Ni sawa na winga anayewapiga muhuri abiria wote wa daladala halafu anadai kila atakayenunua kitu Kariakoo kaletwa na yeye.

Sasa lile swali lenyewe. Kabla hujatuma linki yoyote, uliza: hela nitakayolipwa inatoka kwenye nini?

Kama inatoka kwenye mkoba uliouzwa, sawa. Mteja ana mkoba, muuzaji ana faida, wewe una elfu tatu. Lakini zile "fursa" za kulipa kiingilio ili uingize wengine nao walipe kiingilio hazina mkoba. Hela ya wa juu ni kiingilio cha wa chini. Huo ni mchezo wa upatu, na sheria ya Tanzania inaukataza. Mwaka 2009, wengi wetu tukiwa ndio tunaanza shule, wazazi walipanda "mbegu" DECI wakisubiri mavuno, mwisho viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Majina yanabadilika, siku hizi wanasema afilieti, lakini kiingilio ni kilekile.

Linki za kubeti ni ngumu zaidi kuzisema kwa sababu kampuni zina leseni na aliyetuma linki ni rafiki yako. Mipango mingi ya namna hiyo duniani humlipa winga asilimia ya mapato ambayo kampuni imebaki nayo kutoka kwa watu aliowaleta. Tafsiri yake: wale uliowaleta wakishinda, wewe hupati; wakipoteza, unalipwa. Mwenzako wa chumbani akichana mkeka wake saa tano usiku, sehemu ya hela yake ya chakula inaingia kwako. Nimewahi kumuuliza jamaa mmoja wa mwaka wa pili kama anajua hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini si wangebeti tu hata bila mimi?" Huenda. Ila linki isingekuwa na alama yake.

Na hata kwenye bidhaa, angalia unachokipendekeza. Kuna vipodozi vya kujichubua vinavyotoa kamisheni nono kuliko vitabu. Ukimuuzia mwenzako mkorogo kwa elfu mbili, uso wake utauona kila asubuhi kwenye foleni ya chai. Marekani sheria inataka anayelipwa kwa kupendekeza kitu aseme wazi kwamba analipwa. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria. Andika tu chini ya stetasi yako: "Ukinunua kwa msimbo huu napata kamisheni." Walioamua kununua hawaachi kwa sababu hiyo, wengine hununua hasa ili wakuunge mkono.

Ukiwa tayari kuanza, soma masharti matatu kabla ya kitu kingine: muda wa kidakuzi, siku za kusubiri malipo, na njia ya kulipwa. La tatu ndilo linalowakwamisha wengi huku kwetu. Mpango wa nje unaweza kukuandikia dola zako vizuri kabisa, halafu njia za kuzitoa zikawa hundi au kadi ya zawadi ya kununulia dukani kwao. Hundi ya benki ya Marekani, na wewe umepanga Changanyikeni. Dada wa mikoba anatuma kwa simu Ijumaa jioni, na ya kutolea anaweka.