Betri Isilaumiwe Kabla ya Kipimo

Gari la zamani linapokataa kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza katika gereji nyingi za Mwanza, kama ilivyo Musoma na Bukoba, huangukia betri, na si ajabu mwenye gari akanunua mpya ambayo nayo huishiwa nguvu baada ya muda mfupi. Betri, hata hivyo, ni ghala tu, kwani hutunza umeme unaozalishwa na alteneta, mashine inayozungushwa na injini kwa mkanda ambao mafundi huuita fenibelti.

Utendaji wa alteneta unatokana na kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, kwamba uga wa sumaku unaobadilika karibu na waya huzalisha umeme ndani ya waya huo. Rota, yaani sehemu inayozunguka, hugeuzwa kuwa sumaku na mkondo mdogo wa umeme unaoifikia kupitia brashi za kaboni. Inapozunguka ndani ya stata, ambayo ni nyaya za shaba zilizosukwa na kutulia mahali pamoja, hutokea mkondo geu, nao diodi, vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu unaofaa betri. Kidhibiti volti huongeza au kupunguza mkondo wa rota ili volti zisipungue wala kuzidi.

Uchunguzi wa maana, basi, huanza na multimita, chombo cha kupimia umeme. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa husoma takribani volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi ya chaji. Injini ikiwaka, kipimo hicho hupaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kisipopanda, chaji haifiki kwenye betri. Kikivuka 15, kidhibiti kimeharibika na maji ya betri yatakauka upesi. Maji hayo huongezwa kwa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliorudishwa kuwa maji, na kamwe si ya ziwani wala ya bomba, ambayo madini yake huharibu sahani za risasi.

Chaji kutofika si ushahidi kwamba alteneta imekufa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mkanda uliolegea huteleza, hasa unapolowa mvua, na katika magari mengi ya zamani taa ya betri iliyo kwenye dashibodi ndiyo inayopitisha mkondo wa kwanza wa kuamsha rota, hivyo balbu yake ikiungua alteneta nzima kabisa inaweza kukaa kimya. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo gari la Mwanza haliliwi na kutu kwa kasi ya lile la Tanga, lakini mvuke wa asidi unaotoka ndani ya betri yenyewe hauhitaji bahari ili kujenga unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, na unga huo huzuia umeme. Ili kuubaini uzuiaji huo, injini huwashwa pamoja na taa kuu, kisha hupimwa volti kati ya nguzo ya kutolea umeme ya alteneta na kichwa chanya cha betri, halafu kati ya gamba la alteneta na kichwa hasi. Tofauti inayozidi volti 0.3 hivi huonyesha waya au kiungo kibovu, ambacho mara nyingi huponywa kwa brashi ya waya na spana.

Mwendo wa injini nao huzingatiwa. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita yalisubiri kivuko Kigongo, na gari lililosubiri hivyo usiku, injini ikizunguka polepole huku taa, feni na redio vikiwaka, lingeweza kutumia umeme mwingi kuliko uliozalishwa, kwani taa kuu mbili za wati 55 peke yake hula ampea 9 hivi. Volti zikipanda mara injini inapoongezewa kasi, hapana ugonjwa.

Imebaki desturi moja inayopaswa kukomeshwa, ile ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili kuona kama gari litazima. Ilivumilika zama za dainamo, kabla ya alteneta kuenea kufuatia magari kama Valiant ya Chrysler ya mwaka 1960. Katika alteneta, betri inapoondolewa ghafla volti huruka juu mno kwa muda mfupi, zikaunguza diodi, kidhibiti na hata kompyuta ya injini. Mwenye gari akimwona fundi akipeleka spana kwenye betri huku injini ikinguruma, amzuie na kumwomba apime kwa multimita.